Disketi Saba za Dafroza

Kabasa, Bunda
6 Machi 1995

Kaka Leo,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wote tunapumua vizuri, wasiwasi ni kwenu maana tangu Krismasi hamjaandika. Wifi Getruda kifua kimetulia? Mtoto ameanza shule? Mvua zimeanza vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika gotini. Baba hajambo. Macho ndiyo hayo. La kulia halioni kabisa sasa, na la kushoto anasema anaona kama mtu aliyefunikwa chandarua. Daktari wa Musoma alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Baba alimshukuru, akaniambia tukanunue mkate turudi nyumbani.

Jambo lililonifanya nikae kuandika ni kompyuta. Ile niliyonunua kwa Waholanzi wa mradi wa visima, walipofunga ofisi yao Musoma, bado ndiyo inayonilisha. Lakini kila kitu kwenye kioo ni Kiholanzi. Nimezoea kubonyeza kwa kukariri, kama mtu anayesali Kilatini.

Unakumbuka Baba alivyokuwaga anatusimulia kwamba zamani ziwani kulikuwa na wale samaki wadogo, furu wa kila aina, kabla sangara hajawamaliza? Tangu macho yalipoanza kumsumbua anaandikisha kitabu chao. Kila furu na jina lake la Kijita, sura yake, alikaa wapi, alikula nini. Yeye anasema, mimi napiga. Kila siku saa kumi jioni ananiambia nimsomee tuliyoandika, halafu tunaendelea. Rafiki yake Mzee Enoka wa Kibara alikuwa anakuja kila Jumatatu kumpa majina ya furu wa kilindini, ambao Baba hakuwajua, maana yeye alikuwa mtu wa chaki, si wa nyavu. Mzee Enoka alitupa majina sitini na mawili. Tulimzika Januari, nilikuandikia, sijui kama ulipata. Baba hakulia. Alisema tu, "Afadhali tulimwandika."

Sasa kitabu kimefika ukurasa wa sabini na nane na kompyuta haikitaki. Nikiandika mistari kumi inaganda. Inaniletea maneno ndani ya kiboksi, nimeyatafuta kwenye kamusi ya padri mmoja: diski imejaa. Na mwaka huu wa uchaguzi wa vyama vingi kila mtu anataka kuchapiwa kitu, siwezi kufunga duka la kuchapa. Nifute nini? Wewe ndiye mtu wa kompyuta kwenye ukoo wetu. Nimekupigia ofisini mara mbili kutoka posta. Mtu anapokea, anasema subiri, halafu harudi.

Mdogo wako,
Dafroza


Dar es Salaam
24 Machi 1995

Dafu mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Huku tunaendelea. Getruda kifua kinakuja na kuondoka, vumbi la Dar unalijua. Mtoto ameanza chekechea na anajua nyimbo mbili za Kiingereza asizozielewa. Habari ya Mzee Enoka sikuwa nimeipata. Nimeumia sana. Yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, kwa kunitupa majini.

Ofisini usipige tena. Kazi ni nyingi, na simu zenyewe zinapokelewa na watu wasionijua. Andika kwa sanduku hili jipya nililoweka juu ya bahasha, ni la rafiki yangu, barua zinafika haraka zaidi.

Sasa nikueleze ugonjwa wa mashine yako. Kila kompyuta ina programu inayoiamsha na kuiongoza, hata kabla hujaandika herufi moja. Huo tunaita mfumo. Waholanzi waliweka mfumo mkubwa wenye picha na madirisha, umekula robo tatu ya diski yako ya megabaiti arobaini. Ni kama kununua kabati linalojaza chumba kizima, halafu nguo unalala nazo. Dawa si kununua mashine mpya. Dawa ni kubadili mfumo.

Nimekutumia disketi moja kwa mkono wa Mzee Muharami wa duka la vitambaa, aliyekuja kuchukua mzigo. Ni mfumo mdogo, wa maandishi matupu, na ni Kiingereza. Maelekezo nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Ukifuata vizuri hautagusa kazi zako. Jaribu huo kwanza. Nina mwingine bora zaidi ninaouchunguza, unatolewa bure na watu wa vyuo vya Ulaya, unaitwa Linux. Huo ukiukubali mashine yako itakuwa ya kwanza Mara nzima.

Kwa huo nitahitaji disketi saba. Huku ni ghali mno siku hizi. Nitumie ulizo nazo, hata zilizotumika.

Msalimie Baba. Mwambie kazi inakwenda vizuri.

Leo


Kabasa, Bunda
19 Aprili 1995

Kaka Leo,

Pasaka imepita salama, tumekula sato mkubwa aliyeletwa na mjane wa Mzee Enoka, Mama Miriamu, kutoka Kibara. Baba aliuliza mara tatu nyie mmekula nini. Sikujua nimjibu vipi, nikasema wali.

Disketi ilifika na Mzee Muharami, imefungwa ndani ya kitambaa cha suruali kama yai. Nilifunga mlango wa duka, nikafuata maelekezo mstari kwa mstari. Kaka, ikawaka! Kioo cheusi, maandishi meupe, Kiingereza. Nilimwita Baba ingawa haoni. Akaweka kiganja kwenye kioo akasema ni cha moto kuliko zamani. Nilicheka mpaka mteja akagonga mlango.

Inakwenda haraka kweli. Lakini kitabu kikifika ukurasa wa themanini na kitu bado kinaganda, kwa sababu programu ya kuandikia ni ile ile ya Waholanzi, na nafasi iliyopatikana ni ndogo. Sasa tuko ukurasa wa themanini na nane, na Baba anasema zimebaki kama ishirini. Anataka kumaliza kabla jicho la kushoto halijafunga. Hakusema hivyo, alisema "kabla ya kiangazi."

Disketi ninazo saba tu. Bunda haziuzwi, na Musoma bei yake ni ya kutisha. Mbili kati ya hizo ndizo nilizonakilia kitabu cha Baba, lakini kitabu chenyewe kipo ndani ya mashine kwa hiyo si neno. Nazituma zote saba. Mzee Muharami anaondoka Ijumaa.

Huo mfumo wa bure umeujaribu kwenye mashine ya ofisini kwenu kwanza?

Dafroza


Dar es Salaam
11 Mei 1995

Mdogo wangu Dafu,

Huku mvua imetutesa, maji yaliingia mpaka sebuleni lakini yametoka. Getruda amekwenda kupumzika kidogo kwa rafiki yake. Mtoto yuko naye. Mimi mzima.

Disketi zako hizo hapo, sasa zina Linux. Nimeziandika herufi A mpaka G kwa kalamu nyekundu, usizichanganye. Nilipata kazi kubwa kuzijaza, lakini nina furaha ambayo sijaipata muda mrefu. Fikiria, Dafu, mfumo mzima, bila kulipa senti, kwenye mashine iliyotupwa na Wazungu! Programu yake ya kuandikia haijali kitabu kina kurasa ngapi. Hata mia tano.

Kuna mtu mmoja hapa mjini anayetaka kuweka mashine za bei nafuu kwenye shule za mikoani. Nikimwonyesha kwamba iko moja inafanya kazi Bunda, kwa mwanamke ambaye hakusomea kompyuta, atanisikiliza. Kwa hiyo fanya haraka, kabla ya tarehe moja Juni, halafu uniandikie ukurasa mmoja kwenye mashine hiyo hiyo, nimpelekee.

Maelekezo:

Moja. Mashine ikiwa imezimwa weka disketi A, uwashe. Ikikuuliza kitu, bonyeza Enter.
Mbili. Ikiomba nyingine, weka B.
Tatu. Ukiona alama ya reli (#) na kioo kimetulia, andika fdisk.
Nne. Bonyeza d, kuondoa chumba cha zamani cha diski. Kisha n, mara mbili, kutengeneza vyumba viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kisha w, kukubali.
Tano. Andika setup, halafu uilishe disketi C mpaka G inavyoziomba.

Hiyo ndiyo yote. Ikikuonya kwa Kiingereza kirefu usiogope, mifumo hii ina maneno mengi.

Leo


Dar es Salaam
20 Mei 1995

Dafu,

Nakuandikia haraka, basi linaondoka. USIFANYE NAMBA NNE. Kabla ya namba nne nakili kitabu cha Baba na kazi zako zote kwenye disketi nyingine, kopa popote, hata Musoma. Namba nne inafuta diski yote. Nilisahau kuandika.

Ukipata hii nijulishe kwa simu ya maandishi.

Leo


Kabasa, Bunda
2 Juni 1995

Kaka Leodgar,

Baba hajambo. Mahindi tumevuna debe sita.

Barua yako ya tarehe 11 niliipata tarehe 24, na disketi zote saba. Barua yako ya tarehe 20 imefika juzi, tarehe 31. Namba nne niliifanya tarehe 25, siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Ilinionya kwa Kiingereza kirefu. Sikuogopa.

Mfumo unafanya kazi. Kila nikiwasha unaniuliza mimi ni nani, naandika jina, unanikubali. Kwa kuandika lazima kwanza ubonyeze herufi i, vinginevyo unakupigia kelele. Nimeshazoea. Nafasi ni tele, Kaka. Nimetafuta kitabu cha Baba kila mahali, nimeandika kila neno la Kiingereza ninalolijua. Sasa nafasi ipo na hakuna cha kuweka.

Siku hiyo hiyo saa kumi Baba alikuja akakaa kwenye kiti chake, akavua kofia, akasema, "Haya, nisomee ya Enoka, wale wa kilindini." Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kumwambia. Badala yake nikaanza kusoma. Kioo hakina kitu, kuna alama ile ya reli tu inapepesa, na mimi nasoma. Nilianza na yule ambaye jina lake maana yake ni Mgeni wa Mawe, kwa sababu huyo nilikuwa namkumbuka vizuri. Halafu wa pili. Halafu nilipokwama nikatunga. Baba alikuwa ametulia, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyofanyaga akisikiliza redio. Nilipomaliza akasema, "Umesoma polepole leo." Nikasema macho yananiuma.

Na jana nimesoma tena. Na leo.

Zile disketi mbili zilikuwa na kitabu. Naomba uniambie kwamba ulinakili kilichokuwa ndani kabla hujaweka mfumo wako.

Dafroza


Dar es Salaam
28 Juni 1995

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako. Pole sana kwa usumbufu.

Sikiliza. Ziko programu zinazoweza kurudisha vitu vilivyofutwa, mradi juu yake hakujaandikwa kingine. Kwa hiyo usiitumie sana mashine. Nikipata nafasi nitamwuliza mtaalamu mmoja hapa. Zile disketi mbili zilijazwa mpaka ukingoni, kwa hiyo humo hakuna cha kutafuta.

Usimwambie Baba bado. Afya yake muhimu zaidi.

Lile jambo la ukurasa mmoja, kama mfumo unafanya kazi, tafadhali uniandikie. Mistari michache tu, kwamba ulifunga mwenyewe na unautumia dukani. Yule mtu ameniuliza mara mbili. Ni muhimu kuliko ninavyoweza kueleza kwenye barua.

Getruda na mtoto wazima.

Leo


Kabasa, Bunda
17 Julai 1995

Leodgar,

Safari hii salamu naziruka.

Unaandika kwamba Getruda na mtoto wazima. Ni kweli, wazima. Wako hapa kwetu tangu Jumanne wiki iliyopita. Walishuka kwenye basi la Mwanza na begi moja, wanakwenda kwa wazazi wake Musoma, lakini mtoto alikuwa na homa nikawazuia. Nilimwuliza wifi, "Leo yuko kazini?" Akaniangalia kama ninamtania. Akasema, "Kazi gani, Dafu? Walipunguzwa watu mia mbili tangu Novemba. Kompyuta za shirika zilipigwa mnada zote."

Tangu Novemba. Mimi nilikuandikia Machi.

Kwa hiyo ule mfumo uliuchunguza kwenye mashine ipi? Maelekezo uliyaandika ukiangalia kioo gani? Nilikuuliza Aprili kwa maneno mepesi kabisa kama umeujaribu, na hukujibu, ukaniambia nisiogope. Nikiwa mbele ya ule mstari wa Kiingereza nilisimama na kidole hewani. Nikasema moyoni, kaka yangu anafanya hivi kila siku, amekaa kwenye ofisi yenye feni, anajua. Nikabonyeza.

Ukurasa wako sitauandika.

Niliyofanya ni haya. Nilikumbuka kwamba mwaka jana, tulipokuwa mwanzoni, Baba aliniambia nichapishe kurasa za kwanza nimpelekee Mwalimu Werema wa Butiama, waliyefundisha naye, azisahihishe. Nilipanda gari Jumamosi. Mwalimu Werema alikuwa shambani, mkewe akanikaribisha uji. Aliporudi nikamwuliza kama bado anazo zile karatasi. Akaingia ndani akakaa muda mrefu sana, mpaka nikaanza kusali. Akatoka nazo ndani ya mfuko wa mbolea. Kurasa thelathini na moja, amezijaza wino mwekundu. Akanisomea makosa yangu ya herufi moja moja na mimi nalia mbele yake, akadhani ni kwa sababu ya makosa. Akasema, "Mwanangu, ni herufi tu."

Thelathini na moja zote ni furu wa ufukweni, aliowajua Baba mwenyewe. Wa Mzee Enoka hayumo hata mmoja.

Baba bado anakuja saa kumi. Bado nasoma.

Dafroza


Dar es Salaam
8 Agosti 1995

Dafroza dada yangu,

Barua yako imenifikia nikiwa kwenye turubai langu Manzese. Nauza mitumba ya watoto. Fulana, soksi, vijikoti vya baridi ambavyo hakuna mtu Dar anavihitaji. Niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa juu ya mzigo.

Ni kweli yote aliyosema Getruda. Siku waliyosoma majina ubaoni langu lilikuwa la sita. Nilirudi nyumbani nikasema tumepewa likizo. Mwezi mzima nilikuwa navaa tai asubuhi natoka, naenda kukaa maktaba ya mjini, kwenye chumba cha magazeti, kwa sababu kule hakuna anayekuuliza. Getruda aligundua alipokuja kuniletea chakula ofisini akakuta geti limefungwa mnyororo, amebaki mlinzi tu anayepokea simu.

Maktaba ndipo nilipoona habari za Linux, kwenye jarida lililoachwa na mgeni. Nikanakili kurasa nne kwenye daftari kwa mkono. Nilikuwa nimesahau jinsi kitu kinavyoweza kumfurahisha mtu. Nilikuwa na daftari, Dafu, na sikuwa na mashine. Barua yako ikaja: wewe ulikuwa na mashine. Mfumo wenyewe nilipewa na kijana mmoja wa chuo. Nilikodi nusu saa kwenye ofisi ya mtu Magomeni kuzijaza disketi zako, mwenye ofisi amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Sikuwahi kuufunga kwenye kompyuta yoyote duniani. Yako ilikuwa ya kwanza. Ukurasa wa jarida uliokuwa na maonyo sikuunakili, niliona ni maneno ya kujaza nafasi. Nilikuja kuuona tena tarehe 19 Mei, nilipokwenda kutafuta kitu kingine. Nilitoka maktaba nikikimbia.

Hilo si baya zaidi. Disketi zako mbili uliziandika lebo, BABA 1 na BABA 2, kwa mwandiko wako ule wa shule. Nilizibandua. Ndani ya ile nusu saa ningeweza kufungua na kutazama, ningeweza kumwomba mwenye ofisi anitunzie nakala moja. Nilifikiria hivyo, sikusema tu, nikaona dakika zinakwisha na disketi G bado. Nikabandika herufi juu yake. Ulipouliza kama nilinakili, nikakujibu habari ya ukingo.

Yule mtu wa mashine za shule hayupo. Alikuwepo, alinisikiliza mara moja mwezi wa nne, hakunipokea tena. Ukurasa nilikuwa nautaka mimi.

Siombi unisamehe kwenye karatasi. Naomba tu uniambie Baba anasemaje.

Leodgar


Kabasa, Bunda
3 Septemba 1995

Kaka,

Getruda na mtoto walifika Musoma salama, homa iliisha. Barua yako nilimsomea sehemu ya turubai na ya maktaba. Alisema, "Hayo ningeyapenda kuyasikia mwenyewe."

Baba amejua. Tena alijua zamani.

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nasoma, kioo hakina kitu kama kawaida. Nilikuwa nimefika kwa furu mmoja ambaye simkumbuki hata kidogo, nikasema ana mkia mwekundu na anakaa kwenye majani. Baba akainua mkono, kama alivyokuwa anafanya darasani.

"Dafroza," akasema, "wa kilindini atakaaje kwenye majani?"

Nikaondoa mikono kwenye vitufe.

"Enoka asingekosea hivyo. Wala wewe usingepiga hivyo, nisingekuruhusu." Halafu akauliza kwa upole, "Kimepotea chote?"

Nikamwambia chote. Nikamwambia habari ya disketi, na namba nne, na kwamba nilibonyeza mimi. Sikutaja kazi yako, hiyo ni yako kumwambia. Nikamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ile ya kwanza uliyosema macho yanakuuma. Uliposoma ulikuwa hugeuzi. Zamani ukisoma kila baada ya muda nilikuwa nasikia kidole chako kwenye kitufe, tak, ukurasa unapanda. Siku hiyo sikusikia tak."

"Sasa mbona uliniacha, Baba? Miezi mitatu!"

Akasema, "Mwanzoni nilikasirika, nikasema nitamwacha adanganye mpaka achoke. Halafu nikaona unawakumbuka. Huyu sawa, huyu si sawa, huyu sawa. Nikawa nawashika. Ningekwambia ungeogopa, ungewasahau wote." Akaniambia nichukue kalamu. Akanitajia kutoka kichwani wale niliowasoma kwa haki, kwa mpangilio niliowasoma: ishirini na saba wa Enoka. Waliobaki, niliowatunga, akawakataa mmoja mmoja, na wawili akasema ni uongo mzuri.

Nilicheka na yeye akacheka, halafu akaanza kulia, na Baba hajawahi kulia mbele yangu hata kwenye msiba wa Mama. Alisema, "Nilimwahidi Enoka." Alirudia hivyo mara nyingi. Jicho la kushoto halioni tena isipokuwa mwanga wa mlangoni.

Kwa hiyo tunazo kurasa za Mwalimu Werema, na hao ishirini na saba. Wa Enoka wamebaki thelathini na watano, ambao mimi siwakumbuki na Baba hawakumbuki. Alikuwa anategemea karatasi.

Ishirini na saba nimewaingiza kwenye mashine, na kwenye daftari la mistari kwa mkono, na nakala nimempa Mzee Muharami ameifungia kwenye sanduku lake la vitambaa, na nyingine nimekuwekea kwenye bahasha hii. Huo mfumo wako unafanya kazi vizuri, nasema ukweli. Haujaganda hata mara moja. Kuna siku nauchukia nikiuwasha, kuna siku nasahau.

Unauliza Baba anasemaje juu yako. Hajasema kitu. Ameuliza kama kule Dar unakula.

Dafroza


Kibara
12 Oktoba 1995

Dafu,

Usishangae kuona jina la mahali. Niliuza mzigo wote wa mitumba kwa jirani, na turubai lake. Nilipanda treni mpaka Mwanza, halafu gari mpaka Bunda. Bunda nilishuka kituoni. Nikaliona duka lako toka ng'ambo ya barabara, mlango wazi, na kiti cha Baba kiko nje kimekaa kitupu. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Nilisimama pale na begi. Nikaona gari la Kibara linajaza nikaingia. Usinicheke, au nicheke.

Njiani nilijiambia nakwenda kuona kaburi la Mzee Enoka. Nimeliona, wamelisakafia vizuri. Mama Miriamu alikuwa anaanika dagaa, alinitambua kwa sauti kabla hajageuka. Nilimweleza yote, hata ya kazi, kwa sababu nilianza na sikuweza kusimama. Nilimwambia tumepoteza majina ya marehemu mumewe, thelathini na matano, na kwamba nimeyapoteza mimi.

Akasema, "Enoka alikuwa anawavua. Nani alikuwa anawapasua?"

Dafu, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Siyo Baba, siyo wewe, siyo mimi. Miaka arobaini huyu mama amewapasua kwa kisu, amewatoa matumbo, amewaanika, amewauza. Nimekaa naye siku nne. Ananiambia huku anageuza dagaa, mimi naandika gotini. Yeye hawataji kwa mahali walipokaa, kilindi hakijui. Anawataja kwa mifupa, kwa rangi ya mayai, kwa nani alikuwa na konokono tumboni, nani alichoma vidole, nani alioza kabla ya saa sita. Wengine jina analowaita si lile walilolitumia wanaume. Nikimsomea hao ishirini na saba wako ananiambia, huyo ndiye yule ninayemwita hivi. Tumewapata kumi na tisa wapya ambao ana hakika nao. Nimeandika nakala tatu, moja ameshika yeye ingawa hajui kusoma, amesema atamwachia mjukuu.

Kwa hiyo wamebaki kumi na sita. Jana aliwatafuta sana. Alifika kwa mmoja, akakunja kiganja hivi kuonyesha ukubwa, akasema alikuwa mweusi na tumbo la dhahabu, alikuwa mtamu kuliko wote na mama yake alikuwa anamficha asiuzwe. Akafungua mdomo kusema jina. Halikuja. Alibaki na mkono wake umekunjwa vile vile, anautazama. Nilimwambia tuache. Akasema, "Andika hata hivyo. Andika kwamba alikuwepo." Nimeandika namba, na habari zake zote, na sehemu ya jina nimeiacha wazi.

Barua hii nampa dereva wa gari la leo, mimi nakuja Jumamosi, na gari la kwanza. Getruda nimemwandikia leo pia, barua ndefu kuliko hii, na sijamwomba arudi, nimemwambia tu kilichotokea tangu ile siku ya ubao. Baba usimwambie kitu. Usimwambie nakuja, usimwambie ya kazi. Akija kukaa saa kumi mimi nitakuwa nimekaa pale kwenye mashine badala yako. Nitaanza na habari yangu. Nikiimaliza, kama bado atataka kunisikiliza, nitamsomea wa Mama Miriamu.

Leo